Hatua Tatu Kupitia Ng'ambo

Mwishoni mwa mwaka 2025 Netflix waliondoa, bila kelele nyingi, uwezo wa kurusha filamu kutoka kwenye simu kwenda kwenye runinga nyingi za kisasa. Aliyezoea kuchagua filamu kwenye simu kisha kuisukumia ukutani akaambiwa ashike rimoti ya runinga yake. Walalamikaji walikuwa wengi, na jibu walilopewa lilikuwa jepesi: runinga janja ina programu yake tayari, simu ya nini tena? Kwa mtu aliyeyafuatilia mambo haya tangu enzi za deki, tukio hilo halikuwa geni. Ni kituo kimoja katika safari ya zaidi ya miaka ishirini, na katika safari hiyo nimeona njia ya picha kati ya chombo na chombo ikirefuka kadiri vyombo vyenyewe vilivyozidi kuwa bora. Zamani picha ilitoka sebuleni ikaishia chumbani. Leo simu iliyo mkononi na runinga iliyo hatua tatu mbele yake mara nyingi haviwezi kuelewana mpaka vipige hodi kwenye seva iliyo ng'ambo. Mawimbi na kasi vilitutesa kwa muda, vikapata dawa. Kilichobaki bila dawa ni suala la nani anaimiliki njia, na hoja yangu ni kwamba picha iliyomo ndani ya nyumba isilazimike kuomba ruhusa nje ili ihame chumba.

Kizazi chetu kilianza na waya. Nyumba yenye deki moja na runinga mbili ilikuwa na suluhisho moja tu: waya wa antena uliopitishwa juu ya dari, ukatoboa ukuta karibu na fremu ya mlango, ukatokea chumba cha pili. Chumbani mlitazama kile kile kilichotazamwa sebuleni, na aliyeshika rimoti sebuleni aliwatawala wote. Kisha ikaja dijitali, na waya ukarudi kwa kishindo. Dar es Salaam ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipozima ya kwake mwaka 2015, runinga ya chumbani iliyokuwa ikijitegemea kwa antena yake ya ndani ikabaki na chenga tupu. King'amuzi kilikuwa kimoja, malipo ya mwezi yalikuwa ya king'amuzi kimoja, na mafundi wakarudi darini. Ndipo wengi walipovijua vile visanduku viwili vya kurushia picha: kimoja kinachomekwa nyuma ya king'amuzi kwa zile nyaya tatu, wa njano wa picha, mwekundu na mweupe za sauti, na kingine nyuma ya runinga ya mbali. Huko Ulaya vilikuwa vimeuzwa miaka mingi kabla. Vilirusha picha ya analojia kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambayo nchi nyingi zimeyaacha wazi kwa matumizi yasiyohitaji leseni, na ambako waifai, bluutuuthi na jiko la maikrowevu nao wamo humo humo wakibanana.

Vilikuwa vyombo duni, na sina haja ya kuvipamba. Mtu akipasha chakula jikoni, mistari ilipita juu ya uso wa mtangazaji. Jirani akiwa na kisanduku cha namna hiyo hiyo kwenye chaneli ile ile, king'amuzi cha nyumba moja kiliweza kutokea kwenye runinga ya nyumba nyingine, na usiri wa familia ukategemea ustaarabu wa jirani. Lakini vilikuwa na sifa mbili ambazo nilichelewa kuona thamani yake. Ya kwanza, viliharibika kwa upole: ishara ikipungua picha ilijaa chenga, lakini mpira bado ulionekana na goli lilihesabika. Picha ya dijitali haijui upole huo. Iko safi, halafu imeganda, halafu haipo. Ya pili, havikuhitaji akaunti, nywila, wala kampuni iliyoviunda iendelee kuwepo. Uliviwasha, vikafanya kazi yake mpaka vikafa vyenyewe.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba kikwazo ni kasi, na hesabu iliwaunga mkono. Picha ya HD kamili ina vitone 1,920 kwa 1,080. Ikibadilika mara 60 kwa sekunde bila kubanwa, inataka takriban biti bilioni 3 kila sekunde. Waifai ya kwanza ya mwaka 1997 ilibeba biti milioni 2. Ya mwaka 1999 ilifikia milioni 11, ya mwaka 2003 milioni 54, na hizo ni za kwenye karatasi. Ndani ya nyumba mtu alishukuru akipata nusu yake. Lakini mwaka huo huo wa 2003 ulitolewa mfumo wa kubana picha wa H.264, na lile bonde kati ya mabilioni na mamilioni likazibwa kwa hisabati. Badala ya kutuma kila kitone cha kila picha, chombo kinatuma kilichobadilika na kukisia kilichobaki. Netflix wenyewe husema megabiti 5 kwa sekunde zinatosha kwa HD kamili. Maana yake, tangu zilipoenea ruta za kizazi cha mwaka 2009, nyumba yenye ruta ya kawaida imekuwa na uwezo wa kutosha wa kuhamisha filamu kutoka chumba hadi chumba. Kasi ilikwisha kuwa kisingizio.

Kuta, nazo, si kisingizio, na anayeandika kuhusu jambo hili kwa ajili ya Pwani ya Afrika Mashariki hana budi kuzitaja. Vifaa vingi hupimwa kwenye nyumba za mbao na mbao laini za jasi, ambazo mawimbi huzipita bila shida. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja ina kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi, na chumba kimoja hufuatana na kingine kwenda ndani, kila kimoja na ukuta wake. Masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye nafasi kubwa na msongamano mdogo, hufifia mapema zaidi kuliko yale ya 2.4 yanapokutana na ukuta wa namna hiyo. Tofali za saruji na nondo nazo zina yao. Isitoshe, ruta inapokuwa katikati, picha ile ile husafiri hewani mara mbili: kutoka kwenye simu kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta kwenda kwenye runinga, na vyombo vyote vinapokezana hewa moja. Ndiyo maana runinga iliyochomekwa kwenye ruta kwa waya mmoja mfupi hupunguza mzigo nusu nzima. Runinga haitembei. Sijawahi kuelewa kwa nini kitu kisichotembea kinyimwe waya kwa ajili ya fahari.

Kwamba mtandao wa ndani unaweza kuifanya kazi hii vizuri lilithibitishwa mapema, na si na kampuni kubwa bali na wanafunzi. Katika chuo cha École Centrale Paris, mwaka 1996, wanafunzi walitaka mtandao wa kasi zaidi kwenye mabweni yao. Ili wapate wafadhili walihitaji sababu nzito, na sababu iliyopatikana ilikuwa picha za setilaiti: badala ya kila chumba kuwa na dishi na king'amuzi chake, ishara ipokelewe mahali pamoja kisha isambazwe kwenye mtandao wa chuo hadi kwenye kompyuta za wanafunzi. Ndiyo asili ya mradi wa VideoLAN, na kutoka humo ikaja VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, ambayo tangu mwaka 2001 imekuwa huru kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha. Hapa kwetu VLC ilipendwa kwa sababu moja: ilifungua faili lolote lililoletwa kwenye flashi. Wachache walijua kwamba ilizaliwa kwa ajili ya kusambaza picha ndani ya majengo. Mimi nauona mradi ule kama ushahidi wangu wa kwanza. Mtandao ulikuwa wao, programu ilikuwa yao, na picha ilifika bila kutoka nje ya uzio wa chuo.

Kampuni zilijaribu njia ya kupatana. Mwaka 2003 kampuni kubwa, Sony na Intel zikiwamo, ziliunda umoja uliokuja kujulikana kama DLNA, kwa ahadi kwamba runinga, kompyuta na simu za chapa tofauti zitatambuana zenyewe kwenye mtandao wa nyumbani. Zilitambuana kweli. Jina la kompyuta lilitokea kwenye runinga, mafaili yakaorodheshwa, na ukibonyeza filamu ukaambiwa aina hiyo ya faili haitambuliki. Mkataba uliainisha aina chache za lazima na kuacha nyingi ziwe hiari, na kila mtengenezaji akachagua hiari zake. Umoja ulivunjwa mwaka 2017. Hata hivyo, kilichoachwa nyuma kinafanya kazi hadi leo: runinga nyingi bado zina uwezo huo ndani yake, na kompyuta yenye filamu za familia inaweza kuzilisha bila kutumia hata chembe ya bando. Umoja umekufa, makubaliano yanaishi, kwa sababu hayakumtegemea mlinda mlango yeyote.

Halafu ikaja Miracast, Septemba 2012, na ilikuwa wazo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa sahihi kuliko yote. Simu na runinga zinashikana moja kwa moja kwa mawimbi, bila ruta, bila intaneti. Simu inakibana kilichopo kwenye kioo chake na kukirusha. Iliangushwa na mambo madogo madogo. Kila mtengenezaji aliipa jina lake kwenye menyu, hivyo wenye simu za chapa tatu tofauti walitafuta kitu kimoja kwa majina matatu na kila mmoja akadhani mwenzake ana kitu kingine. Muunganisho ulikatika bila sababu ya kueleweka, sauti ikatangulia midomo, simu ikachemka mkononi kama pasi. Google waliitia kwenye Android mwaka 2012, kisha miaka michache baadaye wakaiondoa kwenye simu zao wenyewe. Wakati huo walikuwa na kitu chao cha kuuza.

Kitu hicho ni Chromecast, kilichotoka Julai 2013 kwa dola 35, na siwezi kukizungumzia bila kukipa haki yake. Kilifanya kazi. Ulikichomeka kwenye tundu la HDMI, ukagusa alama moja kwenye simu, picha ikatokea safi, simu ikaendelea kupokea ujumbe na hata ikaweza kuzimwa huku filamu ikiendelea. Siri yake ilikuwa kwamba simu haikurusha chochote. Iliipa Chromecast anwani tu, na Chromecast ikaenda yenyewe mtandaoni kuchukua filamu. Suala la kuhamisha picha ndani ya nyumba halikutatuliwa. Liliepukwa kwa ustadi mkubwa. Na kwa kuwa liliepukwa vizuri, watu wengi waliamini limekwisha. Kwa nyumba yenye intaneti isiyo na kikomo tofauti hiyo haionekani. Kwa nyumba inayonunua bando la siku inaonekana mara moja, maana filamu ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Hata video uliyoirekodi mwenyewe, iliyo tayari kwenye simu yako, kwa kawaida hungoja kifaa kipakue kwanza ukurasa wa kupokelea kutoka kwenye seva za mbali.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania nzima, kwa sababu nyingine kabisa. Mara zote mbili umeme ulikuwepo, simu zilikuwa na chaji, ruta ziliwaka taa, mawimbi ndani ya nyumba yalikuwa mazima kabisa. Kilichokosekana ni ile safari ya nje ambayo haikuwa na ulazima. Aliyekuwa na filamu kwenye flashi alitazama. Aliyekuwa na runinga ya Miracast aliwaonyesha watoto video zilizokuwa kwenye simu. Aliyetegemea kuchukuliwa anwani alitazama kiduara kikizunguka.

Wala si lazima kebo ikatike. Tarehe 9 Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili, zilizoingia sokoni mwaka 2015, zilikataa kupokea kitu duniani kote kwa mpigo. Hazikuwa zimeungua. Ndani yake mlikuwa na cheti cha dijitali cha miaka kumi kinachothibitisha kwamba kifaa ni halisi, na siku yake ya mwisho ilikuwa imefika. Simu ilipokikagua kifaa ilikihesabu kuwa si cha kuaminika, ingawa kilikuwa kile kile cha jana yake. Google walileta marekebisho baada ya siku chache, ila waliokuwa wamekwisha kukirudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani kwa kudhani ndiyo dawa walipata taabu zaidi. Miezi saba kabla ya hapo, Agosti 2024, utengenezaji wa Chromecast ulikuwa umetangazwa kukoma. Kifaa cha sebuleni kilikuwa na tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani yake tangu kiwandani, na mnunuzi hakuonyeshwa.

Wapo wanaosema nang'ang'ania mambo ya kale, na hoja yao kubwa ni urahisi: mtumiaji hataki kujua picha imepita wapi, anataka ifike, na njia ya seva inafika kwa ubora zaidi na bila kumaliza betri ya simu. Nakubali yote hayo kwa filamu ambayo tangu mwanzo iko kwenye seva. Ni upuuzi kuivuta filamu hadi kwenye simu kisha kuirusha tena. Lakini urahisi huo umejengwa juu ya mapatano kati ya kampuni, na mapatano ya kampuni huvunjwa bila kumuuliza mwenye runinga. Aprili 2019 Netflix waliacha kukubali AirPlay, mfumo wa Apple wa tangu mwaka 2010, wakisema hawawezi tena kutofautisha kifaa kinachopokea. Desemba mwaka huo huo programu yao ikakoma kwenye baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011, zilizokuwa na vioo vizima na spika nzima. Kwa hiyo anayetujibu kwamba runinga janja ina programu yake tayari anatuelekeza kwenye sehemu ya runinga inayozeeka haraka kuliko zote. Katika nchi ambako runinga hununuliwa mtumba na kutumika mpaka kioo chenyewe kife, hilo si jambo dogo.

Hoja ya pili ni ya wenye haki za kazi, na ina uzito zaidi. Wanasema njia ya moja kwa moja kati ya vyombo ni mlango wa wizi, ndiyo maana zikawekwa kufuli kama HDCP, inayozuia picha kupita kwenye kifaa kisichoidhinishwa. Msanii anastahili malipo yake. Afrika Mashariki, ambako kazi za wasanii zimerudufiwa kwenye kanda, kwenye CD na kwenye flashi kwa miongo mitatu, haina haki ya kulichukulia jambo hilo kimzaha. Lakini tazama ni nini hasa familia zinataka kukirusha ukutani. Ni video ya harusi iliyotumwa WhatsApp na shangazi aliyeko Muscat. Ni mazishi ambayo ndugu wa Toronto hawakuweza kuyahudhuria. Ni kwaya ya mtaa, mawaidha ya Ramadhani, mahafali ya mtoto wa darasa la saba. Hakuna studio inayoidai haki hata sekunde moja ya picha hizo, na wenyewe ndio walio chumbani. Kufuli lililowekwa kwa ajili ya filamu ya studio likifungia na harusi ya shangazi, limevuka mpaka wake. Mwizi naye hajawahi kusumbuliwa sana na kufuli hilo. Anauza flashi iliyojaa nje ya stendi.

Hoja ya usalama naichukulia kwa makini kuliko zote mbili. Yale niliyoyasema kuhusu kisanduku cha analojia na runinga ya jirani yanatosha kuonyesha kwamba njia iliyo wazi kabisa haifai, na runinga inayokubali picha kutoka kwa yeyote aliye karibu itamletea mtu aibu mbele ya wageni. Lakini dawa yake haipo ng'ambo. Tarakimu nne zinazotokea kwenye runinga na kuingizwa kwenye simu zinatosha kuthibitisha kwamba aliyeshika simu yuko chumbani. Ufunguo ukishabadilishwa kati ya vyombo viwili unaweza kukaa humo, na ukisasishwa usasishwe na mwenye nyumba. Cheti kinachokwisha kwa kalenda ya mtengenezaji kinalinda mambo mengi, yakiwamo ya mtengenezaji mwenyewe.

Kwa sasa nguvu pekee aliyonayo mtumiaji iko dukani, kabla hajatoa fedha. Kariakoo au Luthuli, muuzaji atakuwashia runinga aliyokwisha kuiunga na intaneti ya duka na kukuonyesha YouTube iking'aa. Mwache amalize. Kisha mwombe azime hiyo intaneti, zima data kwenye simu yako uache waifai ikiwaka, na mjaribu kuionyesha video moja uliyoirekodi mwenyewe. Halafu chomeka flashi yenye filamu na maandishi yake ya chini uone kama inayasoma. Muulize kama kuna Miracast au AirPlay, na kama runinga inaonekana kwenye VLC ya kompyuta iliyo kwenye ruta ile ile. Haichukui dakika kumi. Wauzaji wengi hawajawahi kuombwa wafanye hivyo, na baadhi yao watakwambia haiwezekani kabla hata ya kujaribu.